Ukitoka Korongo la Paria: kuosha vifaa kabla mchanga haujaviharibu

Korongo la Paria, mpakani mwa Utah na Arizona huko Marekani, hukutembeza majini na topeni siku kadhaa. Ukifika nyumbani utatamani kulala tu. Kabla ya kulala, mpigie uliyemwachia ratiba, asije akaita waokoaji bure, kisha ushughulikie chujio la maji.

Tope la Paria ni laini kama unga, na likikaukia kwenye chujio la nyuzi, yaani lenye vimirija vyembamba vinavyochuja maji, ni vigumu kulitoa. Jaza bomba la sindano maji safi, uyasukume kwa nguvu kupitia tundu la kutolea maji. Rudia mpaka yatoke maangavu. Likiendelea kupitisha polepole, huenda ni chokaa: liloweke nusu saa kwenye siki nyeupe, kisha lisukume tena. Lakini kama liliganda kwa baridi usiku likiwa na maji ndani, litupe. Nyuzi hupasuka bila kuonekana, maji yakapita vizuri kabisa pamoja na vijidudu.

Mfuko wa maji wenye mrija utie jiki isiyo na manukato, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja ya maji. Subiri nusu saa, suuza, ning'iniza ukiwa wazi.

Mifuko ya kinyesi, ambayo Paria ni lazima urudi nayo, iende kwenye pipa la taka. Usiimwage chooni.

Hema lisimamishe kivulini, zipu zote wazi, ukung'ute mchanga, kisha ufute kwa sponji na maji ya vuguvugu. Mashine ya kufulia hubandua utando unaozuia mvua. Meno ya zipu yasugue kwa mswaki mkavu, halafu suuza. Usipake mafuta, yananasa mchanga. Zipu ikiachia nyuma ya kitelezi, kile kipande unachovuta, mara nyingi meno ni mazima. Kitelezi ndicho kimepanuka. Kibane kidogo kwa koleo, upande mmoja kisha wa pili. Ukizidisha kinavunjika. Maungio ya vijiti yafute moja moja, maana chembe zikibaki humo hukwaruza kila unapounganisha.

Hema likunje likiwa kavu kabisa, hata kwenye mishono. Begi la kulalia usilirudishe kwenye mfuko wake mdogo. Liweke limelegea ndani ya foronya kubwa. Godoro la upepo lihifadhi likiwa limekunjuliwa, vali wazi.

Viatu vitoe soli za ndani, vioshe, uvijaze magazeti. Visikae karibu na moto: gundi italegea.