Somo: Namna ya kuandaa orodha ya mbegu za mboga za kienyeji ili ikubalike katika hifadhidata ya pamoja

Ndugu wanachama, naandika somo hili mara moja kwa wote, maana swali lilelile hunifikia kwa simu, kwa ujumbe, na hata nikiwa sokoni Kadutu, hapa Bukavu, nimeshika mfuko wa nyanya: "Kikundi chetu kina mbegu za lengalenga (mchicha) na mnavu, tuziingize vipi katika ile orodha ya dunia?" Atakayeniuliza tena nitamwelekeza hapa, na asikasirike.

Kwanza tuelewane juu ya jambo lenyewe. Hifadhidata ya pamoja haina mbegu hata moja ndani yake. Ina taarifa kuhusu mbegu ambazo ziko katika benki za mbegu huku na huko. Mojawapo ya zilizo kubwa kabisa ni Genesys, inayosimamiwa na shirika la Crop Trust lenye makao yake Bonn, Ujerumani, nayo ina taarifa za sampuli zaidi ya milioni 4 za mazao ya kila aina. Ulaya wana yao inayoitwa EURISCO. Kwa upande wa mboga, benki yenye uzito ni ile ya Kituo cha Mboga Duniani, kilichoanzishwa mwaka 1971 huko Taiwan, ambacho kina tawi Arusha linaloshughulikia mboga za asili za Afrika. Hifadhidata hizi zinaelewana kwa sababu zote zinafuata orodha moja ya safu, iliyotolewa na FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, pamoja na washirika wake mwaka 2001 na kurekebishwa mwaka 2012 na 2015. Ndiyo maana faili iliyopangwa vizuri Bukavu husomeka Bonn au Arusha bila mtu kupiga simu kuuliza safu ya nne ina maana gani.

Hatua ya 1. Tafuteni taasisi ya kuwabeba. Mtu yeyote anaweza kutafuta na kusoma ndani ya Genesys, lakini anayeingiza taarifa ni taasisi yenye msimbo wake katika rejesta ya FAO. Kikundi cha wakulima kisicho na msimbo kipitie chuo kikuu au kituo cha utafiti chenye benki ya mbegu.

Hatua ya 2. Tumieni jedwali la kompyuta, sampuli moja kwa mstari mmoja.

Hatua ya 3. Kila sampuli ipewe namba yake, na namba hiyo isitumiwe tena kamwe, hata mbegu zikioza au zikiliwa na panya. Ikiwa namba inaanza na sifuri, kama 007, iandikeni safu hiyo kama maandishi, la sivyo Excel itaila sifuri na kuwaachia 7.

Hatua ya 4. Jenasi na spishi hukaa katika safu mbili tofauti: Amaranthus huku, cruentus kule. Jina la kienyeji liwe na safu yake, na mtaje ni la lugha gani, Mashi, Kihavu au Kifuliiru, kwa sababu jina moja linaweza kutaja mboga mbili tofauti ukivuka kutoka Kabare kwenda Idjwi. Kama spishi hamna hakika nayo, andikeni "sp." na kuendelea. Kubahatisha kunaharibu kuliko kuacha wazi.

Hatua ya 5. Msimbo wa nchi yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni COD. COG ni majirani zetu wa Brazzaville. Mkikuta ZAR katika karatasi za zamani, ni nchi hiihii ilipoitwa Zaire.

Hatua ya 6. Mahali mbegu ilipochukuliwa. Hapa naomba msome polepole, kwa sababu faili nyingi ninazoletewa huharibikia hapa, na aghalabu mwenye faili hajui kwamba imeharibika.

Hifadhidata inataka latitudo na longitudo kwa digrii zenye desimali. Bukavu iko karibu na latitudo -2.5 na longitudo 28.86. Alama ya kutoa mbele ya 2.5 ndiyo inayosema tuko kusini ya Ikweta. Mkiisahau, sampuli yenu itahamia kaskazini hadi upande wa Haut-Uélé, na kwa kuwa huko bado ni Kongo, programu inayokagua kama nukta iko ndani ya mipaka ya nchi haitalalamika hata kidogo. Mkibadilisha nafasi za namba hizo mbili, mtaangukia Sahara ya Algeria. Kosa hilo ni kubwa lakini halidhuru sana, kwani kila mtu ataliona. Linalodhuru ni lile linaloonekana kama kweli.

Kosa la namna hiyo ni hili: GPS inaonyesha 2°30′ kusini na 28°52′ mashariki, nanyi mnaandika -2.30 na 28.52. Dakika si desimali. Dakika 30 ni nusu ya digrii, kwa hiyo ni -2.50, dakika 52 mnazigawanya kwa 60 mpate 0.87, yaani 28.87. Mkiandika hizo za kwanza mmeisogeza bustani karibu kilometa 22 kaskazini na zaidi ya kilometa 35 magharibi, kuelekea misitu ya Kahuzi-Biega, na mtafiti atakayetafuta mboga zinazovumilia hali fulani ya hewa atapewa hali ya hewa ya msituni badala ya ile ya kando ya ziwa.

Kisha kuna mkato. Kompyuta zetu nyingi zimewekwa kwa Kifaransa, na Kifaransa huandika desimali kwa mkato. Faili ya CSV (jedwali lililohifadhiwa kama maandishi matupu) nayo hutenganisha safu kwa mkato. Mstari sahihi ni huu:

Amaranthus,cruentus,COD,-2.5083,28.8608,1520

Nao mstari ulioharibika ni huu:

Amaranthus,cruentus,COD,-2,5083,28,8608,1520

Mpokeaji ataona latitudo -2, longitudo 5083, mwinuko mita 28, na kila kitu kinachofuata kimesogea. Kwa hiyo kabla ya kutuma, fungueni faili kwa Bloc-notes (Notepad), si kwa Excel, msome mistari michache kwa macho yenu. Excel itawaonyesha safu nzuri zilizonyooka hata pale ambapo faili yenyewe imevurugika. Andikeni pia mwinuko uliopimwa papohapo, kwani ni shahidi wa pili: mji wa Bukavu uko karibu mita 1,500, ilhali Uvira, kando ya Tanganyika, iko karibu nusu ya hapo. Sampuli inayodai kutoka Uvira ikiwa na mita 1,500 ama ilichukuliwa milimani juu ya mji, ama kuna mtu amenakili mstari usio wake.

Hatua ya 7. Tarehe huandikwa mwaka, mwezi, siku, bila mikwaju: 20230714. Siku isipojulikana, wekeni vistari viwili mahali pake.

Hatua ya 8. Hali ya sampuli na chanzo chake huandikwa kwa namba za msimbo. Mbegu ya kienyeji iliyorithiwa na wakulima ni 300. Ya porini ni 100. Iliyoboreshwa na wataalamu ikatolewa rasmi ni 500. Kwa chanzo, shamba ni 21, bustani ya nyumbani 23, ghala la mkulima 26, soko au duka 30. Mbegu iliyonunuliwa Kadutu ni 30, na mahali pake ni soko la Kadutu, hata kama muuzaji ameapa kwamba imetoka kwa shangazi yake Kalehe. Maneno ya muuzaji yaandikwe katika safu ya maelezo.

Hatua ya 9. Tumeni, mkibaki na nakala.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkulima wa Walungu: Mwalimu, asante kwa somo. Naomba unitumie mbegu za nyanya kutoka hiyo Genesys, hata gramu chache.

Jibu: Ndugu, nimesema katika aya ya pili kwamba hakuna mbegu ndani yake. Unayemwomba mbegu ni benki inayozitunza, nayo hutoa kiasi kidogo kwa ajili ya utafiti, uboreshaji na mafunzo.

Fundi Kompyuta: Sisi tuna orodha kwenye kaye (daftari), tumeipiga picha vizuri kabisa. Picha haiwezi kutosha?

Jibu: Hapana. Hatua ya 2.

Fundi Kompyuta: Nauliza tu kwa sababu ni kurasa nyingi, na kuandika upya ni kazi.

Jibu: Ni kazi, ndiyo. Lakini hakuna anayeweza kutafuta ndani ya picha "mnavu zote za juu ya mita 1,800", na hifadhidata ipo kwa ajili ya maswali ya namna hiyo. Gawaneni kurasa, mmoja asome kwa sauti na mwingine aandike, makosa hupungua.

Mama Bustani: Naomba kuuliza kuhusu mnavu. Katika kikundi chetu tuna wa majani mapana wenye matunda meusi makubwa, na mwingine mdogo wenye matunda ya rangi ya chungwa. Mwanafunzi aliyetutembelea aliandika yote Solanum nigrum. Je, ni sawa?

Jibu: Mama, umeuliza swali zuri, na ningependa mwanafunzi huyo alisome. Jina Solanum nigrum limekuwa gunia la kutupia kila mnavu, na hifadhidata zimejaa kosa hilo. Huyo wa majani mapana na matunda makubwa ya zambarau inayokaribia weusi huenda ni Solanum scabrum, ambaye ndiye hulimwa sana Afrika kama mboga. Wa matunda ya rangi ya chungwa anafanana na Solanum villosum. Wape namba mbili tofauti, piga picha ya tunda lililoiva kando ya rula, na katika maelezo uandike rangi na upana wa tunda. Mpaka mtaalamu wa mimea athibitishe, "Solanum sp." inatosha. Angalieni pia mgagani: katika orodha za zamani utaukuta kama Cleome gynandra, na sasa unaitwa Gynandropsis gynandra, kwa hiyo unapotafuta, tafuta kwa majina yote mawili.

Kijana wa Ibanda: Msimbo wa FAO si tunaweza kujitungia wa muda? Kwa mfano COD na namba yoyote.

Jibu: Hamwezi. Sampuli hutambuliwa kwa msimbo wa taasisi, jenasi na namba kwa pamoja. Mkitunga msimbo ambao tayari ni wa taasisi nyingine, mbegu zenu zitahesabiwa kuwa zake.

Mwana wa Kalehe: Mimi nina wasiwasi mwingine. Tukiweka mahali kamili pa bustani ya mama fulani, je, hatumfungulii mlango mtu wa kuja kuchukua mbegu, au kampuni kuzifanya mali yake?

Jibu: Wasiwasi wako ni wa haki, nami nitaugawa sehemu mbili. Kuhusu mahali: desimali nne zinakupeleka hadi mita kama 11, yaani mlangoni, desimali mbili zinakuacha ndani ya kilometa moja hivi, na hiyo inatosha kwa kujua hali ya hewa. Iko safu maalumu ya kuandika kutokuwa na uhakika kwa mita, kwa hiyo kupunguza desimali si udanganyifu mradi muijaze. Namba kamili zibaki katika kaye ya kikundi. Jina la mwenye bustani msiliweke bila ridhaa yake.

Kuhusu umiliki: upo Mkataba wa Kimataifa wa mwaka 2001 kuhusu rasilimali za kijenetiki za mimea kwa chakula na kilimo, ulioanza kutumika mwaka 2004. Mbegu zilizo katika mfumo wake hutolewa kwa makubaliano ya namna moja, na anayezipokea hawezi kudai haki ya kuwazuia wengine kuzipata katika hali aliyopewa. Lakini orodha ya mazao ya mfumo huo ni fupi. Kunde, muhogo, viazi vitamu na bilinganya zimo. Nyanya, vitunguu na lengalenga hazimo. Kwa hizo zisizomo, idhini ya mkulima na ya mamlaka za nchi itafutwe kabla mbegu haijavuka mpaka. Kuorodhesha taarifa hakumlazimishi mtu kutoa mbegu.

Mama Bustani: Kumbe muhogo umo. Basi sombe (majani ya muhogo) na matembele (majani ya viazi vitamu) nazo tuziorodheshe? Hatuzihifadhi kwa mbegu.

Jibu: Ziorodhesheni, Mama. Iko safu ya namna ya kuhifadhi: mbegu ni 10, mimea hai shambani ni 20, na vichipukizi katika chupa za maabara ni 30. Ninyi mtaandika 20. Ila zao linalotunzwa shambani hupotea kwa ugonjwa mmoja au msimu mmoja mbaya, kwa hiyo pandeni vipando katika mashamba mawili yaliyo mbali.

Duka la Pembejeo: Kabichi za kopo, zile chotara, naziandika 300?

Jibu: La. Mbegu za dukani hazihitaji kuokolewa na kikundi chenu, na chotara ukivuna mbegu yake haizai kama mama yake.

Mkulima wa Walungu: Samahani kwa swali langu la awali. Je, lengalenga zetu tuzikaushe vipi? Mwaka jana nyingi hazikuota.

Jibu: Sasa tunaelewana. Zikausheni kivulini penye upepo, kamwe si juu ya mabati, maana joto huua kiini. Zikikauka, ziwekeni katika chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana. Kila asilimia moja ya unyevu mnayoipunguza ndani ya mbegu huongeza maisha yake karibu mara mbili, na kila nyuzi 5 hivi za joto mnazozipunguza hufanya vivyo hivyo. Ndiyo maana benki kubwa hukausha kwanza, kisha hugandisha kwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Hapa kwetu hewa ya Septemba hadi Mei ina unyevu, basi kazi hiyo ifanyike kati ya Juni na Agosti.

Mwana wa Kalehe: Na mchele ndani ya chupa unasaidia?

Jibu: Unasaidia, ukiwa umekaushwa vizuri kwenye sufuria, ukapoa ndani ya chombo kilichofungwa. Uwekeni chini, karatasi juu yake, kisha mbegu, na mchele ubadilishwe baada ya wiki mbili. Kabla ya kufunga kabisa, hesabuni mbegu 100, ziwekeni juu ya kitambaa chenye maji, na idadi itakayoota iandikwe katika orodha pamoja na tarehe.