Kazi ya kiangazi hospitalini kwa mwanafunzi wa sekondari Marekani: anzia kwenye karatasi

Kijana akisema anataka kazi ya hospitali likizo ya kiangazi, watu humwambia aandike wasifu mzuri. Wasifu ni jioni moja tu. Kinachowaangusha vijana wetu ni karatasi: mtu amekubaliwa, amefurahi, kisha nafasi inamponyoka kwa sababu kadi ya chanjo haionekani au shule imefungwa kabla ya kibali kusainiwa. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwenye ile bahasha ya karatasi iliyo kabatini kwa mama.

Januari: jua unaomba nini

Programu nyingi za hospitali kwa wanafunzi hufungua maombi mwanzoni mwa mwaka na kufunga kabla ya majira ya kuchipua kuisha. Ukisubiri Juni umechelewa. Soma tangazo mpaka mwisho, maana nyingi ya nafasi hizo ni za kujitolea bila malipo. Si vibaya, lakini ujue mapema. Ukitaka mshahara, tafuta kazi za kugawa trei za chakula, jikoni, mapokezi, stoo na usafi. Nyumba za kutunzia wazee nazo huajiri vijana, na kwa maoni yangu ndiko pazuri zaidi pa kuanzia: kijana aliyelelewa kumsalimu mzee kwa heshima anaonekana siku ya kwanza.

Sheria ya serikali kuu inaruhusu baadhi ya kazi za namna hii kuanzia miaka 14. Mwenye 14 au 15, wakati shule zimefungwa, hafanyi zaidi ya saa 8 kwa siku wala saa 40 kwa wiki. Haanzi kabla ya saa 1 asubuhi, na kati ya tarehe 1 Juni na Labor Day (Jumatatu ya kwanza ya Septemba) mwisho wake ni saa 3 usiku. Kuanzia 16 serikali kuu haiweki kikomo cha saa, ila jimbo lako linaweza kuweka. Aliye chini ya 18 haruhusiwi kutumia mashine ya kukatia nyama jikoni, wala kumwinua mgonjwa kwa mashine ya umeme akiwa peke yake. Akikuagiza mtu kufanya hivyo, kataa kwa adabu.

Kazi ya CNA, yaani msaidizi wa muuguzi, inahitaji mafunzo yasiyopungua saa 75 kisha mtihani. Kwa kiangazi hiki ni ngumu kuiwahi, labda kama shule yako inafundisha kozi hiyo.

Februari: chanjo na TB

Hapa usiharakishe kusoma. Hospitali itataka uthibitisho wa chanjo za surua, matumbwitumbwi na rubela, tetekuwanga, pepopunda na kifaduro, na mara nyingi homa ya ini aina ya B. Kama kadi ilipotelea kambini au safarini, usikate tamaa na usikubali kuanza upya kabla ya kuuliza: daktari anaweza kuagiza kipimo cha damu kinachoonyesha kama tayari una kinga. Kwanza muulize muuguzi wa shule, kwa sababu huenda nakala anayo tangu ulipoandikishwa.

Kisha kuna kipimo cha TB. Cha ngozi hudungwa mkononi, na lazima urudi kliniki baada ya saa 48 hadi 72 kikasomwe. Usiporudi ndani ya muda huo, unarudia. Wengi wetu tuliozaliwa Afrika Mashariki tuna kovu la BCG, chanjo ya TB ya utotoni, na chanjo hiyo inaweza kufanya ngozi ivimbe hata kama huna TB. Mwambie mhudumu mapema kwamba ulichanjwa BCG, uombe kipimo cha damu badala ya cha ngozi. Neno hilo moja linaweza kukuepusha na picha za kifua na wiki kadhaa za wasiwasi nyumbani.

Kujaza maombi

Jina liandikwe sawasawa na lilivyo kwenye kadi ya Social Security (hifadhi ya jamii), herufi kwa herufi. Wadhamini wawe mwalimu na mtu mwingine anayekujua kwa kazi, mjomba hahesabiki. Kulea wadogo zako au kumhudumia bibi mgonjwa ni uzoefu, kwa hiyo uandike. Kiswahili nacho kiandike, ila usikubali kugeuzwa mkalimani wa daktari na mgonjwa. Kazi hiyo ina watu waliofunzwa, na kosa moja la dozi si jambo dogo.

Kwenye usaili utaulizwa kuhusu siri za wagonjwa. Sheria yake inaitwa HIPAA, ya mwaka 1996. Maana yake kwako: ukimwona jirani yenu wodini, hukumwona. Hata mama humwambii. Na simu haitolewi kupiga picha.

Ukishakubaliwa

Kwanza kibali cha kazi cha mwanafunzi. Usikichanganye na kile cha uhamiaji. Huyu ni ndugu mwingine kabisa. California na New York wanakidai, Texas hawakidai. Penye sharti hilo, mara nyingi hupitia shuleni, na mzazi husaini. New York hutaka pia cheti cha daktari cha afya ya mwili. Chukua fomu kabla ofisi ya shule haijafungwa.

Fomu I-9 inathibitisha utambulisho na haki ya kufanya kazi. Sehemu yako unaijaza kabla ya siku ya kwanza ya kazi kuisha, na mwajiri hukagua hati zako ndani ya siku 3 za kazi. Aliye chini ya 18 asiye na kitambulisho anaweza kutumia rekodi ya shule, lakini mwajiri anayetumia E-Verify, mfumo wa serikali wa kuhakiki haki ya kufanya kazi, atataka chenye picha. Kitambulisho cha jimbo hukuondolea usumbufu. Hati unachagua wewe kutoka kwenye orodha ya fomu, si mwajiri.

Mwisho ni W-4 ya kodi. Kama mwaka jana hukudaiwa kodi ya mapato ya serikali kuu na mwaka huu hutarajii kudaiwa, unaweza kuandika kwamba umesamehewa. Hata hivyo asilimia 7.65 ya Social Security na Medicare (bima ya afya ya serikali, hasa ya wazee) itakatwa, kwa hiyo usishtuke ukiona hundi ya kwanza imepungua.