Kubadili kazi ukiwa umevuka arobaini, mshahara ukiendelea kuingia: hatua nilizopitia hapa Dodoma

Kwa miaka 14 nilikuwa mtunza stoo kwenye ghala moja eneo la Kizota. Sasa nafunga umeme kwenye nyumba za watu. Nilianza kujifunza nikiwa na miaka 41, nikaacha stoo nikiwa na 44, na ile miaka mitatu ya katikati niliyofanya kazi zote mbili ndiyo nataka kuieleza hapa, kwa sababu ndiyo sehemu ambayo watu huniuliza na ndiyo sehemu ambayo wengi huiruka.

Naandika kwa ajili ya mtu mwenye watoto shuleni, kodi ya nyumba inayodaiwa miezi sita kwa mkupuo, na pengine makato ya SACCOS kila mwisho wa mwezi. Mtu wa namna hiyo hawezi kuamka Jumatatu akaacha kazi. Wala hahitaji. Watakuambia mshika mawili moja humponyoka. Mimi niliambiwa na dada yangu mwenyewe. Nilimjibu kwamba mshahara ndio unanilipia ada ya kujifunza, na nikiuachia kabla ya wakati yatanitoka yote mawili.

Hatua ya 1: Hesabu saa zako kabla ya pesa

Watu huanza na mtaji. Anza na saa. Chukua daftari, kwa wiki mbili andika kila siku umetumia muda wako wapi, bila kujipendelea.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki. Zangu zilikuwa hivi: Jumatatu hadi Ijumaa saa 2 asubuhi mpaka saa 11 jioni, saa moja ya chakula ikitolewa, na Jumamosi mpaka saa 7 mchana. Baada ya kutoa safari za daladala kutoka Nkuhungu, kupika, kanisa na usingizi, nilibaki na jioni tatu za saa mbili mbili na Jumamosi mchana saa nne. Saa 10 kwa wiki. Zinaonekana kidogo, lakini kwa mwaka zinapita 500, na ukizilinda zinatosha kukufundisha kazi ya mikono.

Kuzilinda ndiko kugumu. Kilichokuwa kinanilia jioni zangu si kazi, ni vikao vya harusi. Nilikaa na mume wangu na watoto, tukakubaliana: michango nitatoa kama kawaida, kamati sitaingia tena mpaka nimalize. Mtoto mkubwa akachukua zamu ya kupika Jumanne na Alhamisi. Fanya mazungumzo haya mapema, na uwaambie wa nyumbani ni kwa muda gani. Watu huvumilia jambo lenye mwisho.

Hatua ya 2: Chagua kazi inayopakana na unayoijua

Hapa ndipo umri wako unapokuwa faida. Kijana wa miaka 20 anaanza na mikono mitupu; wewe una miaka 15 au 20 ya kitu fulani. Jiulize ni kazi gani mpya ambayo kitu hicho kitakuwa na thamani siku ya kwanza.

Stoo ilinifundisha kuhesabu vifaa, kujua bei, kutambua bidhaa feki, kuandika kilichoingia na kilichotoka. Mafundi umeme wengi niliowaona walikuwa hodari wa kazi lakini wanampa mwenye nyumba orodha ya vifaa ya kukisia. Waya unabaki, mabomba ya kupitishia waya yanapungua, mteja anarudi dukani mara nne na anaanza kuhisi anaibiwa. Nikajua hapo ndipo nitakapoingilia.

Halafu angalia mahitaji ya mahali ulipo. Tangu serikali ilipoanza kuhamia hapa kwa nguvu mwaka 2016, na Dodoma kutangazwa jiji Aprili 2018, nyumba zimeendelea kuota Iyumbu, Nzuguni, Mkonze, Nala, kila upande. Kila nyumba inahitaji nyaya. Anayefikiria chakula au vyumba vya wageni ajue kwamba kuanzia Aprili hadi Juni, wakati wa Bunge la Bajeti, mji hujaa. Asipime biashara kwa miezi hiyo akadhani ndiyo hali ya mwaka mzima.

Rafiki zangu kadhaa wamevutiwa na zabibu. Zabibu ni utajiri wa kwetu kweli, lakini shamba la mizabibu halitaki mtu wa Jumamosi. Kupogoa na kupiga dawa vina siku zake, na zabibu zikiiva hazimsubiri mnunuzi wala hazikusubiri wewe utoke ofisini. Kama huna mtu wa kuaminika shambani, iache hadi utakapokuwa na muda.

Hatua ya 3: Ijaribu kazi kabla ya kulipa ada

Tafuta mtu anayeifanya, umwombe umsaidie Jumamosi nne bila malipo. Mimi nilimfuata fundi aliyefunga umeme kwa jirani yangu. Ana miaka 27. Kila tulipokutana alinisalimia, "Shikamoo mama," kisha akanituma nimshikie ngazi. Nilimwita fundi, na nilimsikiliza kama mwanafunzi. Usipoweza kufundishwa na mtu wa umri wa mwanao, malizana na jambo hilo moyoni kwanza, maana wengi watakaokufundisha watakuwa wadogo kwako.

Jumamosi hizo nne zilinionyesha ambacho hakiandikwi kwenye tangazo la kozi: vumbi la kuchana ukuta wa tofali, mikono juu ya kichwa saa nzima, joto la kwenye dari mwezi wa Oktoba. Mwenzangu mmoja alijaribu Jumamosi mbili akasema hapana, akaenda kwenye ushonaji. Alipoteza siku mbili tu badala ya ada ya mwaka.

Hatua ya 4: Soma mkataba wako

Utoe kabatini, usome wote. Tafuta kipengele kinachozuia kazi nyingine, au kinachotaka uombe ruhusa, au kinachohusu mgongano wa maslahi. Mtumishi wa umma awe makini zaidi: asome kanuni zinazomhusu, amwandikie mwajiri pale zinapotaka, na asitumie saa, gari wala kompyuta ya ofisi kwa shughuli yake.

Mimi nilimwambia meneja wangu baada ya miezi mitatu. Nilimwambia hivi: "Bosi, najifunza umeme jioni. Haitagusa saa za kazi. Ukiona inagusa, niambie." Alikubali, na baadaye alinisaidia kwenye ratiba. Lakini si kila bosi yuko hivyo, wewe unamjua wako. Kama mkataba haukudai kumwambia na unajua atakuandama, nyamaza na ufanye kazi yake vizuri.

Hatua ya 5: Jifunze mpaka upate karatasi

Nenda VETA, chuo cha ufundi stadi, mwenyewe, uulize kozi fupi na ratiba za jioni za kipindi hicho. Kama tayari umeifanya kazi kwa miaka bila cheti, uliza kuhusu kurasimisha ujuzi: wanakupima unachokijua, wanakufundisha palipopungua, kisha unapewa cheti. Njia hiyo imewafaa waashi, wapishi na mafundi magari wengi waliojifunzia mtaani. Anayetaka masomo ya darasani anaweza kutazama Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa ajili ya watu wanaosoma huku wakifanya kazi.

Kwenye umeme, cheti peke yake hakikuruhusu kujitangaza. Leseni za ufungaji umeme zinatolewa na EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, kwa madaraja, kulingana na elimu na uzoefu wako. Mteja anapoomba kuunganishwa na TANESCO, anahitaji mkandarasi mwenye leseni wa kusaini kazi ile. Kwa hiyo mwanzoni nilifanya kazi chini ya mwenye leseni, naye alikagua kila nilichofunga. Usifupishe hapa. Nyumba ikiungua kwa kosa lako, hakuna maelezo utakayompa mama mwenye nyumba hiyo.

Mafunzo ya vitendo niliyafanya kwenye likizo. Sheria inampa mfanyakazi likizo ya mwaka ya siku 28 mfululizo, na inalipwa. Mwaka wa kwanza na wa pili sikwenda kijijini. Nilikaa saiti moja Iyumbu tangu kuchana ukuta hadi kuwasha taa ya kwanza. Mama yangu kule Mpwapwa alinielewa nilipompelekea picha.

Hatua ya 6: Pesa za kazi mpya zikae peke yake

Nilisajili laini nyingine ya simu, kila shilingi ya umeme ikaingia huko. Daftari likawa na safu tatu: kilichoingia, kilichotoka, na saa nilizotumia. Safu ya saa ndiyo watu huisahau, nayo ndiyo inayokuambia kama kazi inakulipa au unajichosha.

Usichukue mkopo wa mshahara kununua vifaa. Nasema hili kwa uzito. Mkopo wa miaka minne unaokatwa kwenye mshahara unakufunga kwa mwajiri miaka minne, kwa hiyo unalipia uhuru kwa kamba. Nilianza na testa, praizi na bisibisi mbili. Mashine ya kutobolea niliazima. Malipo ya nyumba ya kwanza yalinunua ya kwangu.

Hatua ya 7: Ahidi kile ambacho Jumamosi inaweza kubeba

Mteja hajali kwamba una kazi nyingine. Anajali umemwambia utakuja lini na kama umekuja. Mwambie ukweli tangu mwanzo: "Mimi nafanya kazi Jumamosi mchana na jioni mbili. Nyumba yako itachukua wiki tano. Ukitaka wiki moja, nina fundi wa kukupa." Wengine wataondoka. Watakaobaki ni wanaojenga kidogo kidogo kadiri pesa inavyopatikana, nao Dodoma ni wengi mno. Kasi yako na mfuko wao vinalingana.

Kilichonipatia kazi baada ya kazi ni makadirio. Napita chumba hadi chumba na mwenye nyumba, naweka alama ya chaki panapokaa taa, swichi na soketi. Napima njia ya kila waya kwa futi, pamoja na kushuka ukutani. Naandika waya wa milimita za mraba 1.5 wa taa peke yake, wa 2.5 wa soketi peke yake, mabomba, boksi, sakiti breka, mpaka skrubu. Kando ya kila kitu naandika bei kutoka maduka mawili tofauti. Kilichobaki mwishoni namrudishia mteja pamoja na risiti. Ni kazi ileile ya stoo, nimeihamishia kwenye nyumba ya mtu.

Na kosa langu niliseme. Mwaka wa pili nilikubali kazi ya Jumanne asubuhi kwa mteja aliyekuwa na haraka, nikapiga simu stoo nikasema naumwa. Siku hiyo ilikuwa ya kuhesabu mali. Mwenzangu alihesabu peke yake, hesabu ikakosewa, lawama ikamwangukia yeye. Nilikwenda kwa meneja siku iliyofuata nikasema ukweli. Tangu hapo kazi ya dharura siichukui. Naipeleka kwa yule fundi kijana, naye hunipa zile zisizo na haraka.

Hatua ya 8: Subiri mwaka mmoja wa daftari

Miezi mitatu mizuri isikudanganye. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, takribani Desemba hadi Aprili. Wakati huo watu wako mashambani, tofali hazikauki, barabara za viwanja vipya hazipitiki, na Januari pesa zote zimekwenda kwenye ada za shule. Kiangazi, baada ya mavuno, kazi hufurika. Usiache mshahara mpaka daftari lako limepita misimu yote miwili.

Kipimo nilichokitumia: nilichukua miezi mitatu mibaya kuliko yote katika miezi 12, nikatafuta wastani wake, nikaangalia kama unalipa chakula, kodi, ada na mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Mwaka wa pili haukulipa. Iliniuma, nikaendelea na stoo. Mwaka wa tatu ulilipa.

Kabla ya kuacha kabisa, omba kupunguziwa saa. Mimi nilipewa siku tatu kwa wiki kwa miezi mitano, kwa mshahara uliopungua, na muda huo nikamfundisha aliyenirithi.

Hatua ya 9: Toka kwa utaratibu

Kwa anayelipwa kwa mwezi, notisi ya kisheria haipungui siku 28. Mkataba wako unaweza kutaka zaidi. Andika barua, baki na nakala iliyopigwa mhuri. Jua kwamba kiinua mgongo cha sheria, cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka, ni cha anayeachishwa na mwajiri, si cha anayeondoka kwa hiari, hivyo usikiingize kwenye hesabu zako. Dai malipo ya likizo uliyokuwa hujaichukua, na hati ya utumishi.

Kabla ya tarehe ya mwisho pita NSSF uangalie michango yako imefika miezi mingapi. Pensheni ya uzee inataka miezi 180. Mimi nilikuwa na 166, kwa hiyo wiki hiyohiyo niliomba kuendelea kama mchangiaji wa hiari, na kila mwezi mchango ule unatoka kwenye ile laini ya simu ya pesa za umeme kabla sijanunua hata bomba moja.