Jinsi ya Kutunza Kumbukumbu za Matengenezo Ili Gari Lisishuke Bei Wakati wa Kuuza

Magari mawili ya aina moja, ya mwaka mmoja na yenye kilomita zinazokaribiana yanaweza kuuzwa kwa bei zinazopishana sana, na mara nyingi kinachoyatofautisha ni bahasha ya stakabadhi iliyomo kwenye droo ya dashibodi. Stakabadhi hizo haziligeuzi gari kuwa jipya. Kazi yake kubwa ni kumnyima mnunuzi sababu ya kukata bei, kwa kuwa mtu asiyejua oili ilimwagwa lini mara ya mwisho hulazimika kudhani kwamba haikumwagwa, na gharama ya dhana hiyo humwangukia muuzaji.

Mkanda wa taimingi, yaani mkanda wa mpira unaooanisha mwendo wa valvu na pistoni ndani ya injini, unalionyesha jambo hili vizuri. Katika injini nyingi zinazoutumia, watengenezaji huagiza ubadilishwe kila baada ya kilomita zipatazo 100,000, au mapema zaidi kwa baadhi ya aina, na pia baada ya miaka kadhaa hata kama gari halikutembea sana, kwa sababu mpira huchakaa kwa umri. Ukikatika injini ikiwa inazunguka, katika injini nyingi valvu hugongana na pistoni, na matengenezo yake huwa makubwa. Mkanda wenyewe umefichwa nyuma ya kifuniko, hivyo mnunuzi hawezi kuuhakiki kwa kulizunguka gari na kusikiliza muungurumo. Gari lenye kilomita 110,000 lisilo na karatasi ya kazi hiyo hukatwa bei ya mkanda, ya pampu ya maji ambayo kwa kawaida hubadilishwa nao, ya ufundi, na nyongeza kidogo kwa ajili ya hofu. Stakabadhi moja inayoonyesha kwamba kazi ilifanyika kwenye kilomita 96,000 huufunga mjadala huo. Oili ya gia boksi otomatiki na maji ya breki, ambayo hunyonya unyevu hewani, yana hoja ileile.

Hata hivyo, si kila karatasi ina uzito. Iliyoandikwa “sevisi, imelipwa” haithibitishi chochote zaidi ya kwamba fedha zilitoka mfukoni. Mwombe fundi aandike tarehe, kilomita zilizosomeka siku hiyo, namba ya usajili au ya chesisi, kazi iliyofanyika na vipuri vilivyotumika, kwa mfano: “Machi 14, kilomita 84,200, oili ya injini 5W-30 lita 4, filta ya oili, pedi za breki za mbele.” Ikiwa fundi wako hana kitabu cha stakabadhi, au kazi unaifanya mwenyewe, hifadhi risiti ya duka la vipuri, andika maelezo hayo kwenye daftari, kisha piga picha ya dashibodi ikionyesha kilomita. Risiti zinazochapwa kwa mashine za joto hufifia na kubaki nyeupe, kwa hiyo zipige picha au zitoe nakala mapema.

Mnunuzi makini hatasoma kazi zilizofanyika tu, bali atazipanga kilomita kwa tarehe. Stakabadhi ya mwaka 2021 ikisema 131,000 ilhali dashibodi ya leo inasema 98,000, basi ama mita imerudishwa nyuma au dashibodi imebadilishwa, na kama imebadilishwa, karatasi ya kazi hiyo inapaswa kuwemo. Atalitilia shaka pia daftari ambalo mihuri yake yote ina wino mmoja na kilomita zake zimeandikwa 10,000, 20,000 na 30,000 bila kuzidi wala kupungua, kwani ni nadra gari kufika gereji kwa mahesabu ya namna hiyo. Zaidi ya hayo, faili nene linaweza kumsema vibaya mwenye gari: rejeta, themostati na gasketi ya silinda hedi zikibadilishwa ndani ya mwaka mmoja, zinasimulia injini iliyochemka.

Kama kumbukumbu zako zina mapengo, usiyajaze kwa kubuni, maana uongo mmoja ukigundulika hata stakabadhi za kweli hukosa thamani. Rudi kwenye gereji ulizotumia ukaombe nakala; nyingi zilizo na kompyuta huweza kuitafuta historia kwa namba ya chesisi au ya usajili. Sevisi ndogo iliyofika wakati wake ifanye kabla ya kutangaza gari. Matengenezo makubwa, kwa maoni yangu, ni afadhali kuyapatia makadirio ya maandishi na kuyaweka mezani wakati wa kupatana, kwa kuwa gharama yake ni nadra kurudi yote kwenye bei.

Kwa gari kuukuu la bei ya chini, hali halisi siku ya ukaguzi huamua zaidi kuliko karatasi, na hakuna daftari linalofuta ajali iliyopinda chesisi. Unapolionyesha gari lolote, toa nakala ambazo umeficha anwani na namba zako za simu, na karatasi halisi zikabidhi pamoja na funguo baada ya malipo kukamilika.