Unavyoweza kuanza weldingi ukiwa bado unasoma sekondari

Mimi nilianza nikiwa fomu tuu, jumamosi na likizo tu, kwahiyo nnachosema hapa nimepitia.

Kabla hujaomba nafasi, jibanze pale karibu na karakana hata siku mbili tatu uangalie. Fundi akichomelea anaweka ngao usoni au anafumba macho tu? Na wale madogo wake wanafundishwa au wanatumwa maandazi? Ukikuta dogo ana mwaka pale na hajawahi kuunga hata vipande viwili, pita hivi.

Ukipata pa kueleweka nenda na mzazi, hata mjomba. Fundi anajua huyu mtoto ana kwao. Kubalianeni siku za kuja, hela ya kula, na lini utaanza kushika mashine. Wengine wanadai ada ya kufundisha, sio mbaya, ila usiitoe yote kwa mkupuo na muandikishane hata kwenye karatasi ya daftari. Sheria ya ajira ya Tanzania ya 2004 inaruhusu mtoto kuanzia miaka 14 afanye kazi nyepesi tu isiyomzuia kusoma, so akikwambia jumatatu usiende shule kuna tenda ya mageti, mkatalie kwa heshima.

Miezi ya mwanzo utafagia, utapiga brashi ya waya, utagonga lile gamba linaloganda juu ya weldi, utapaka redoksaidi, ile rangi ya kuzuia kutu. Grenda, mashine ya kukata na kusaga chuma, isubiri. Ila kwenye kupima kaza hapohapo. Fremu ya dirisha ukishaishikiza, pima kona hadi kona kwa mshazari, halafu mshazari wa pili, vikilingana ndo imekaa mraba, visipolingana igonge taratibu kabla hujamalizia maana ikishachomelewa yote imekula kwako.

Sasa macho. Kuna siku nilishikilia skwea paipu, lile bomba la pembe nne, fundi anachoma, mi nimevaa miwani ya jua najiona mjanja. Mchana sikusikia kitu, saa saba usiku naamka macho kama yamemwagiwa mchanga, machozi hayakatiki, mama anadhani nimepigwa. Miwani ya jua haizuii ule mwanga jamani, hata anayeshikilia tu anatakiwa awe na ngao ya kuchomelea. Ikikukuta, hayo mambo ya kuweka viazi na maziwa machoni waachie wenyewe, nenda hospitali.

Cheti kisikuumize kichwa saivi, VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia mtaani, utakuja kupimwa baadae.

Ukiingia fomu foo, mwezi wa saba mwambie fundi unasimama, usiage kwa kupotea tu. Mtihani wa Nekta ukiisha Novemba unarudi, na hapo mpaka fomu faivu waanze Julai una miezi kama saba ya kushinda karakana kila siku, ndo muda ambao mimi nilichomelea geti langu la kwanza zima.