Rangi mbili kwa mafua sikuuzii

Kusi ikianza kuvuma, wateja wangu wa asubuhi hapa Ngamiani, Tanga, wanafanana: macho yanalengalenga, sauti inatokea puani, leso mkononi. Mtu anaegemeza baiskeli ukutani, ananyoosha hela: "Dada, nipe rangi mbili, mafua yananimaliza."

Mwaka wa kumi na moja huu niko duka la dawa, na hela siikatai kwa kupenda. Ila mafua yanaletwa na virusi, tena vya aina zaidi ya 200, na rangi mbili ni antibayotiki, inaua bakteria tu. Kirusi haimgusi. Hata kamasi likigeuka la njano au kijani, hilo peke yake halina maana kwamba sasa unahitaji rangi mbili. Utaendesha tumbo bure, na siku utakayoihitaji kweli, utakuta wadudu wameshaizoea.

Kwanza jua unaumwa nini. Mafua ya kawaida yanakuja kwa kunyemelea: leo koo linawasha, kesho chafya, keshokutwa pua imeziba. Unajisikia vibaya, lakini Soko la Mgandini unafika na kurudi. Flu, yaani influenza, haina subira. Asubuhi mzima, jioni homa imepanda, kichwa kinagonga, mwili unauma kama ulishinda unapakia robota za mkonge.

Ninachokihofia mimi ni cha tatu: malaria. Mtoto wa dada yangu, Makorora, alipata kamasi na homa. Mimi muuza dawa nikasema haya ni mafua, nikampa paracetamol ya maji siku mbili. Siku ya tatu akatobolewa kidole: malaria. Mafua alikuwa nayo pia, yote mawili kwa mpigo, ndiyo maana nilidanganyika. Tangu hapo, mtu akiniambia ana homa, namtuma akapime kwanza, awe na kamasi asiwe nalo.

Ukishapima na kujua ni mafua tu, kazi iliyobaki si kubwa. Pumzika, kunywa sana: maji, uji, mchuzi wa samaki wenye ndimu. Sukutua koo kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Kikohozi kipe kijiko cha asali, ila mtoto chini ya mwaka mmoja asiilambe kabisa. Machungwa ya Muheza kula, matamu, ingawa usitegemee yatakukinga na mafua. Kwa homa na maumivu, mtu mzima anameza paracetamol za miligramu 500 mbili, anakaa saa sita ndipo arudie, na kwa siku nzima asizidishe vidonge 8. Hapa wengi wanajiumiza bila kujua: vile vidonge vya mafua vya mchanganyiko mara nyingi vina paracetamol ndani yake. Ukimeza na nyingine juu, ini ndilo linalobeba mzigo. Aspirini mtoto usimpe.

Nyungu mnaipenda, najua. Mvuke unalegeza pua kwa muda, kirusi hauui. Mkubwa akijifukiza shauri yake, lakini mtoto kumfunika shuka juu ya sufuria inayochemka, hapana. Nimeshaona ngozi iliyobabuka. Mtoto mchanga mwenye pua iliyoziba mdondoshee matone ya maji yaliyochemshwa yakapoa, glasi moja kwa robo kijiko cha chai cha chumvi, kabla hajanyonya.

Sasa chukua simu yenye saa. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, mfunue kifua umhesabie pumzi dakika nzima. Usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili, pumzi za watoto hazina mpangilio. Chini ya miezi miwili, zikifika 60 ni hatari. Miezi 2 mpaka mwaka, 50. Mwaka mpaka mitano, 40. Zikifika hapo au zikazidi, au chini ya mbavu panabonyea kila akivuta pumzi, au hawezi kunyonya, au amelegea, usipite kwangu. Mpeleke hospitali usiku huo huo. Hiyo inaweza kuwa nimonia.

Mjamzito, mzee, mwenye pumu au kisukari akishikwa na flu naye asisubiri kuzidiwa. Kwa wengine, mafua hukaa siku saba hadi kumi na kikohozi kinaburuta nyuma yake. Kikifika wiki mbili nenda kapime kifua kikuu, vituo vya serikali hawakutozi.

Na flu unaanza kuigawa siku moja kabla hujajijua, halafu siku tano hadi saba baadaye. Kohoa kwenye kiwiko, nawa kwa sabuni, leso ifuliwe na ianikwe juani. Wajukuu wakija kumwamkia bibi mgonjwa, shikamoo ya mlangoni inatosha. Mkono watambusu wiki ijayo.