Somo: Jinsi ya kusoma sheria za ada ya hazina na uwekezaji wa fedha za umma (mfano: California)

Wadau, wengi wetu tulio California tunalipa kodi ya nyumba kaunti na hatuulizi zile hela zinalala wapi kabla ya kufika shuleni. Hazilali. Mweka hazina anaziwekeza, anakata gharama zake, kinachobaki ndicho anachogawa. Ukisikia kuna muswada Sacramento, makao makuu ya jimbo, unagusa gharama hizo anazokata (ndizo ada ya hazina), nenda hivi.

Hatua ya 1: Usome muswada wenyewe. Ingia leginfo.legislature.ca.gov, weka namba. Namba ikianza na AB, muswada umetoka baraza la chini; ikianza na SB, umetoka Seneti. Muhtasari wa wanasheria wa Bunge uko juu, ila usiishie hapo. Kwenye maandishi, yaliyofutwa yamekatwa kwa mstari na yaliyoongezwa yako kwa herufi za mlalo. Kurasa kumi zinaweza kuwa na mabadiliko ya maneno matano tu, na hayo matano ndiyo habari.

Hatua ya 2: Jua ni kapu gani, yaani mfuko wa pamoja ambamo fedha za taasisi nyingi zinawekezwa. Kuna kapu la kaunti, ambalo shule za umma kwa kawaida zinalazimika kulitumia. Ada yake inatoka kifungu cha 27013 cha Government Code (sheria za uendeshaji wa serikali za California; vifungu vingine hapa chini ni vya humo humo): mweka hazina anaruhusiwa kukata kwenye faida, kabla ya kuigawa, gharama halisi za kuwekeza na kutunza fedha. Halisi, si za kubuni. Halafu kuna kapu la jimbo, LAIF (Local Agency Investment Fund), lililoanzishwa mwaka 1977 chini ya Mweka Hazina wa Jimbo. Miji na mamlaka nyingine za mitaa huingia humo kwa hiari, na ada yake iko kifungu cha 16429.1.

Hatua ya 3: Uliza "asilimia ya nini?" Hapa ndipo watu wengi wanapigwa chenga. LAIF inakata gharama zake kwa dari ya asilimia 5 ya *faida*. Kaunti nyingi hutaja ada yao kama sehemu ya *salio*. Ukiona asilimia 5 huku na asilimia 0.10 kule, utadhani kaunti ni rahisi mno. Tupige hesabu ya mfano.

Wilaya ya shule ina dola milioni 40, faida ni asilimia 3.6 kwa mwaka. Robo mwaka inaingiza dola 360,000. Ada ya kaunti ya asilimia 0.10 ya salio kwa mwaka, kwa robo hiyo ni dola 10,000. Dari ya LAIF ingekuwa 18,000. Sawa, kaunti imeshinda. Sasa riba ishuke hadi asilimia 0.4. Faida ya robo mwaka ni dola 40,000, lakini ada ya kaunti, kama gharama hazikupungua, bado ni 10,000: robo nzima ya faida imeondoka. LAIF kwa asilimia 5 ni 2,000. Sheria inapandisha dari hiyo hadi 8 pale riba ya dhamana za serikali kuu za wiki 13 inapokuwa chini ya asilimia 1 mwishoni mwa mwaka wa fedha, na hata hivyo ni 3,200 tu.

Kwa hiyo muswada unaohamisha ada kutoka faida kwenda salio, hata kama tarakimu ni ndogo, usiupite haraka.

Hatua ya 4: Angalia wanaruhusiwa kununua nini. Kifungu cha 53600.5 kinapanga vipaumbele: kwanza mtaji uwe salama, pili fedha zipatikane zikihitajika, faida ni ya tatu. Kifungu cha 53601 kinaorodhesha vinavyonunuliwa na viwango vyake.

Historia yake ni chungu. Robert Citron, mweka hazina wa Kaunti ya Orange, alikuwa na kapu la kama dola bilioni 7.5, akakopa juu yake hadi likafika takriban bilioni 20. Akanunua pia hatifungani ambazo malipo yake hushuka riba za soko zikipanda. Mwaka 1994 Benki Kuu ya Marekani ikapandisha riba mara kadhaa. Hasara ikakaribia bilioni 1.7, na Desemba 6 kaunti ikaomba kinga ya mufilisi. Shule zilikuwa humo humo. Leo hatifungani za aina ile zimepigwa marufuku na kifungu cha 53601.6.

Hatua ya 5: Omba sera ya uwekezaji ya kaunti yako. Kama kuna kamati ya kusimamia hazina, sera lazima ieleze gharama zinavyokokotolewa na kugawanywa.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Oakland: Asante mkuu. Sasa shule ikiona ada ya kaunti ni kubwa, si itoe hela iondoke zake?
Jibu: Si kirahisi hivyo. Sheria ya elimu inairuhusu kuwekeza kwingine fedha za ziada zisizohitajika kwa sasa. Lakini kwa kifungu cha 27136, mweka hazina anapima kwanza kama kutoka kwao kutawaumiza waliobaki kwenye kapu.

Mdau wa San Diego: Jimbo likikwama na bajeti, halitazichota za LAIF?
Jibu: Hapana, dada. Kifungu cha 16429.3 kinazuia ofisa wa jimbo kuzishika, na 16429.4 kinalinda haki ya kuzitoa hata bajeti ikichelewa kupita Julai 1.

Mdau wa Sacramento: Mbona CalPERS wananunua hisa na kaunti hawanunui?
Jibu: CalPERS ni mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma wa California, una sheria zake na unalipa watu kwa miongo. Kapu la kaunti linalipa mishahara ya walimu mwezi ujao, na hisa hazimo kabisa kwenye orodha ya 53601.